Picha Niliyoikata Pembeni

Kila mwisho wa mwaka nina kazi moja ambayo hakuna aliyenituma. Nafungua laptopu, napitia picha zote nilizopiga tangu Januari, halafu nachagua moja. Moja tu, si kumi. Naisafisha kwenye karatasi, naitundika juu ya meza ninaposahihishia madaftari, na ile ya mwaka uliopita naishusha. Ni mashindano ambayo mshiriki ni mimi, jaji ni mimi, na zawadi yenyewe ni msumari.

Nafundisha historia sekondari, hapa Nangwa, chini ya mlima Hanang. Upigaji picha ni wa ridhaa: silipwi, sijausomea, na kamera yangu ni ya mtumba, niliinunua Arusha kwa pesa ambayo mke wangu alikuwa ameshaipangia mabati. Mwaka 2023, baada ya kufuta zilizotoka giza na zile za vidole vyangu mwenyewe, nilibaki na picha 1,312. Nimechelewa sana kuandika habari ya kuchagua moja kati ya hizo. Mtaona kwa nini.

Hadi mwisho wa Novemba nilikuwa na uhakika wa mshindi. Ilikuwa picha ya mlima.

Anayeishi huku anajua kwamba huwezi kupiga picha yoyote ya nje bila Hanang kuingia. Ni mlima wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake, chini yake mashamba ya mahindi, mbaazi na alizeti. Asubuhi moja ya Novemba mvua ilikuwa imekatika usiku, wingu zito limekaa kileleni kama blanketi, na chini kabisa punda watatu wanashuka na madumu ya maji. Nilipiga mara moja tu. Niliituma kwa marafiki wa Arusha na Dar, wakasema jamani, hiyo ni Uswisi au ni Manyara? Nikavimba kichwa. Nikaenda hadi kuulizia bei ya fremu.

Wingu lile leo nalitazama kwa jicho lingine. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya El Niño, na mlima ulikuwa unakunywa maji kila usiku. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na kwenye vijiji vya Gendabi, Jorodom na Ganana. Siku ya kwanza watu walisema volkano imelipuka. Wataalamu wa serikali walipopanda kuangalia walieleza kuwa haikuwa volkano: ni miamba dhaifu iliyolowa maji mpaka ikashindwa kujishika. Waliokufa walizidi 80. Kwa Wakristo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na wengi walikuwa hawajaamka hata kujiandaa kwenda kanisani.

Sitasimulia zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa Nangwa, nyumba yangu haikuguswa, na waliokuwa ndani ya tope wana haki ya kusimulia kabla yangu. Ninachotaka kusema ni habari ya picha.

Katikati ya Desemba, shule zimefungwa, alinijia fundi wa katambuga. Kwa msomaji wa mbali: katambuga ni zile ndala za tairi la gari, viatu vya wafugaji na vya yeyote anayetembea sana. Fundi huyu hukaa na tairi zake na kisu chake kila siku ya mnada, na mwezi Juni nilimpiga picha. Alikuja kwa bodaboda, kanyeshewa, akakataa chai.

“Mwalimu, ile picha yangu unayo?”

Nikamwambia ninayo, tena nzuri. Nilidhani anaitaka mwenyewe. Nikamfungulia.

Akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole nje ya kioo, upande wa kushoto, kwenye plastiki nyeusi ya laptopu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

“Hapa alikuwepo binti na ndoo ya maandazi. Yuko wapi?”

Nikakumbuka. Kweli alikuwepo. Binti alipita wakati nabonyeza, akaingia pembeni ya picha, nusu uso ndani na nusu nje, anacheka. Nami nyumbani nikamkata. Kwa lugha yetu sisi wa ridhaa, nilisafisha fremu. Fundi abaki katikati, tairi mbele yake, kisu kinang'aa, pembeni pasiwe na takataka. Nakumbuka hata neno hilo nililitumia kichwani: takataka.

Binti huyo alikuwa wa Gendabi. Tope lilimchukua yeye, na nyumba, na albamu, na simu iliyokuwa na picha zake zote. Mama yake alipona. Walikuwa wamemzika, wanajiandaa kuondoa matanga, na ndani ya ukoo mzima haikupatikana picha yake hata moja ya ukubwani. Ilikuwepo ya kipaimara kwa shangazi, ana miaka kumi na minne, imeliwa na unyevu. Fundi ndiye aliyekumbuka kwamba siku ile mwalimu alikuwa na kamera.

Niliyoibakiza kwenye laptopu ilikuwa ile iliyokatwa. Ya asili niliifuta Julai ili kupata nafasi.

*

Hapa naomba niende pembeni kidogo, kwa sababu mimi ni mwalimu wa historia na usiku ule sikulala, nilikaa nafikiria kazi yangu.

Kamera ilifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi tunavyodhani. James Grant, yule aliyesafiri na Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860. Huku kwetu ndani ilichelewa. Mwanajiografia Mjerumani Fritz Jaeger alipita nyanda hizi mwaka 1906 na 1907, akapima, akachora ramani, na vitabu vyake juu ya nyanda za kasoko vikatoka 1911 na 1913. Wakati huohuo Walther Dobbertin alikuwa anazunguka koloni zima na kamera, na picha zake leo zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani. Nyingi mtu anaweza kuziona bure kwenye intaneti. Huwa nazitumia darasani. Wanafunzi wanapenda, hasa za askari.

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: “Mwalimu, huyu aliyeandikwa ‘askari’, jina lake nani?” Nikamjibu kwamba haikuandikwa. Akasema, “Lakini mzungu aliyepiga, jina lake limeandikwa.” Darasa likacheka, nikacheka na mimi, tukaendelea na somo. Ndivyo zilivyo picha nyingi za wakati ule: mtu anaandikwa kwa kabila lake au kwa kazi yake. Mwanamke mwenye mtungi. Kijana wa Kidatoga. Mpagazi. Wenyewe walikuwa na majina, na pengine waliyataja, ila aliyeshika kalamu hakuona haja.

Tusiwasukumie Wajerumani peke yao. Chukua picha ambayo kila Mtanzania anaijua, ya mwaka 1964, Mwalimu Nyerere anachanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Iko kwenye vitabu, kwenye kalenda, ukutani ofisini. Waulize watu kumi, wote watakutajia aliye katikati. Vijana walioshika vyungu, wale ambao bila wao udongo ungemwagika chini, wangapi wanawataja? Magazeti huwakumbuka ikikaribia Aprili 26, halafu basi hadi mwaka unaofuata.

Na wako walioweka kumbukumbu bila kamera kabisa. Wadatoga wa wilaya hii, Wabarabaig, mzee wao mwenye heshima akifa humjengea kaburi la kilima cha udongo, wanaliita bung'ed, na shughuli yake huchukua miezi. Ukoo mzima unajua yupi amelala wapi. Mtoto anaonyeshwa kilima, anaambiwa huyu ni fulani, alifanya hivi na hivi. Kwangu mimi hiyo ni picha. Tena haihitaji betri.

Miaka ya 1970 ulipoanzishwa mradi wa ngano kwenye nyanda za Basotu, kwa msaada wa Kanada na chini ya shirika la umma NAFCO, mashamba saba yalichukua karibu ekari 100,000 za malisho. Trekta zilipopita, zilipita na juu ya makaburi yale. Wabarabaig walilalamika kwa barua na kwa kesi. Wa Mulbadaw walishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikatengua. Mawakili na watafiti wameandika mengi kuhusu haki ya ardhi katika kesi ile, na ni sawa waandike. Mimi usiku ule nilikuwa namfikiria dereva wa trekta. Hakuwa na ubaya na mtu. Aliona kichuguu kinamharibia mstari wa jembe, akakisawazisha ili shamba lipendeze.

Si mfano niliokwenda kuutafuta. Ulikuja wenyewe, na haukunifurahisha.

*

Basi, kutafuta. Kadi ya kamera ilikuwa imeshaandikiwa juu mara nyingi. Nilishusha programu ya kurudisha picha zilizofutwa. Ikanirudishia nusu ya ng'ombe na mstari wa kijivu. Nikapekua barua pepe na WhatsApp. Zote zilikuwa na ile iliyokatwa, imesambaa kwa watu hamsini, na chini yake sifa: fremu safi sana, mwalimu.

Siku ya tatu mke wangu akauliza, “Juni si ndiyo UMISSETA? Si ulimpa mwalimu wa michezo picha zote?”

Kweli. Mwalimu wa michezo alitaka picha za timu, na mimi kwa uvivu nilinakili folda nzima ya Juni kwenye flashi yake, pamoja na mnada. Nikampigia. Yuko kwao Singida, likizo. Flashi anayo, amejazia filamu za Kikorea lakini folda haikumbuki kama aliifuta. Nikamwambia usiiguse, usiichomeke popote, mpe konda wa basi. Barabara ilikuwa imeshafunguliwa. Nilikaa stendi kuanzia saa nne asubuhi, na konda aliponikabidhi ile bahasha iliyozungushiwa gundi ya karatasi aliniuliza kama ni dhahabu.

Folda ilikuwepo. Picha namba 0417.

Sasa niieleze kama ilivyo, maana ndiyo niliyoichagua. Kitaalamu ni mbovu. Mwanga wa saa saba mchana, kivuli kikali. Fundi yuko katikati, ameinamia tairi, na yeye yuko sawa. Kushoto kuna ndoo nyeupe yenye mfuniko wa kijani, imekaa kichwani juu ya kata ya khanga. Chini ya ndoo kuna jicho moja, nusu ya pua, na mdomo uliofunguka kwa kicheko, meno yanaonekana. Sikio moja lenye hereni ndogo. Mkono mmoja umepanda kushika ndoo, na mkono huo umetikisika kidogo, kwa sababu alikuwa anatembea na mimi nilikuwa napima mwanga kwa ajili ya tairi. Ukingo wa picha umempitia katikati ya uso.

Nilikwenda Babati kuisafisha. Kijana wa studio ni mtaalamu kweli, anatengeneza picha za harusi na za misiba, anaweza kumvalisha suti marehemu ambaye hakuwahi kuvaa suti. Hiyo ni kazi ya zamani, tusiicheke. Studio zimekuwa zikiwavalisha watu heshima tangu enzi. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi na vizazi vya watu walipanda ngazi zile wakiwa na nguo bora kuliko walizoshinda nazo. Babu yangu mwenyewe ana picha moja tu, ya studio, amesimama kando ya redio ambayo haikuwa yake.

Kijana akamkuza binti, akamtoa kwa fundi, akaniangalia.

“Mwalimu, hii nusu naweza kuigeuza nikaiunganisha. Uso unakamilika. Dakika kumi tu.”

Nikawaza. Mama anahitaji uso. Nani anaweka nusu ya mtu juu ya meza ya matanga? Nikamwambia fanya. Akafanya, na kwa kweli alifanya vizuri: macho mawili, pua nzima, hereni mbili, kicheko pande zote. Kijana akafurahi. Mimi nikaona kuna kitu kimepotea lakini sikuweza kusema nini, nikajiambia ni uchovu. Nikamlipa, nikachukua zote mbili, kila moja ya ukubwa wa karatasi ya A4, na ya tatu ile picha nzima pamoja na fundi.

Tulikwenda mimi na fundi. Familia ilikuwa imepokelewa kwa ndugu, nyumba ya nje, turubai bado liko uani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine.

“Shikamoo mama. Poleni sana.”

“Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Karibuni.”

Niliona aibu kumpa nusu, nikaanza na ile iliyounganishwa. Aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza kuelekea mlangoni kupata mwanga, akaitazama tena. Wenzake wakasogea. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kumvunja moyo mgeni:

“Mwalimu, huyu ni nani?”

Fundi akainama. Mimi nikatafuta maneno. Nikaanza kueleza habari ya kompyuta, jinsi nusu inavyoweza kugeuzwa, na nikiwa katikati ya maelezo nikasikia jinsi yalivyokuwa ya kipuuzi, nikanyamaza nikampa ya pili.

Hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya ile nusu, akakiondoa, akakiweka tena. Halafu akasema kwa Kiiraqw jina la nyumbani la binti yake, mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Baadaye, chai ilipoletwa, aliniuliza kama hakuna nusu nyingine. Nikamwambia hapana, mama, alikuwa anapita, kamera haikumpata. Hapo ningeweza kuishia. Kamera haikumpata, mashine imekosea, nani wa kulaumiwa. Lakini nilimwambia pia kwamba hata hii nusu nilikuwa nimeikata na kuitupa, na kwamba imerudi kwa bahati ya filamu za Kikorea. Sijui kwa nini nilimwambia. Hakunisamehe wala hakunilaumu. Alikuwa na mambo makubwa zaidi yangu. Alisema tu, “Alikuwa hapendi kupigwa picha, yule. Alikuwa anakimbia.” Mmoja wa wanawake akacheka kidogo, akasema ni kweli, na wakaanza kusimuliana wao kwa wao siku alivyokimbia mpiga picha wa harusi ya binamu yake. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko ndani ya ule uwa.

Nikaelewa pia kilichokosekana kwenye ile ya studio. Binti alikuwa anacheka upande mmoja zaidi ya mwingine. Mama alinionyesha kwa uso wake mwenyewe.

Tulipoanza kuaga nilitoa ile picha nzima, yenye fundi, tairi na mnada wote nyuma. Nikasema naomba ruhusa niitundike nyumbani kwangu kwa mwaka mmoja, na kama hataki, basi nitamwachia yeye zote. Akamwangalia fundi, wakazungumza kidogo. Akasema chukua. Ila kwanza, akasema, andika nyuma, maana picha isiyo na maneno watoto wa kesho wataitupa.

Nikatoa kalamu. Akataja, nikaandika: jina lake la ubatizo, la nyumbani, la baba, la babu. Kijiji. Mnada, mwezi Juni, mwaka 2023. Kisha akataka niandike na jina la fundi, la kwake na la baba yake, na fundi akalitaja kwa sauti ndogo kama yuko mbele ya hakimu. Majina hayo siyaandiki hapa kwa sababu sikuyaombea ruhusa ya hapa, lakini yako nyuma ya picha, ukutani, juu ya madaftari ya kidato cha tatu.

Nilipofikiri tumemaliza, mama akaichukua tena, akaisogeza karibu na macho.

“Huu mfuniko wa kijani si wa kwetu,” akasema. “Ni wa jirani. Nilimwambia aurudishe tangu Pasaka.”

Akanirudishia kalamu.

“Andika na hilo.”